Malisho nayo yanachoka, yapumzisheni

Watu wakituita tukawaangalizie malisho swali la kwanza karibu kila mara ni "nipande nyasi gani?" na mimi huwa nawaambia subiri kwanza, tupige magoti. Magoti kweli. Ukisimama ukatazama mbali unaona kijani na roho inatulia, ila ukiinama kati ya shina na shina ndo unaona udongo uko wazi, maji ya mvua yamechora vimifereji, na mashina ya nyasi yamebaki yameinuka kama yamewekwa juu ya vichuguu kwa sababu udongo wa pembeni umeshaondoka. Ukifika hapo mbegu mpya haikusaidii bado, maana kilichomaliza zile za kwanza kipo palepale kinazisubiri hizi.

Na mara nyingi kilichomaliza ni kukosa mapumziko. Jani ndo linalotengeneza chakula cha nyasi, likiondoka lote mmea unachota akiba iliyoko kwenye mizizi na chini ya shina ili uchipue tena. Mwaka 1955 mtafiti mmoja wa Marekani, Franklin Crider, alichapisha majaribio ya kukata majani huku anafuatilia mizizi: akikata asilimia 40 mizizi inaendelea kukua kama kawaida, akikata 80 inasimama siku 12, akikata 90 inasimama siku 17. Hapo ni kukata mara moja tu. Sasa chukua ng'ombe anayerudi kwenye shina lilelile kila baada ya siku chache kwa kuwa chipukizi ni laini na yale majani makavu ya pembeni hayataki, mizizi inabaki mifupi, kiangazi kinakuja haifikii unyevu, shina linakufa na mwenye mifugo anasema jua limeua, wakati jua limemalizia tu.

Kwa hiyo tunasema nusu iliwe nusu ibaki, na hii unaweza kuipigia hesabu mwenyewe. Tengeneza fremu ya mita 1 kwa mita 1, itupe sehemu kadhaa bila kuchagua (tusidanganyane, mkono unapenda kwenda penye majani mengi), kata nyasi zilizomo, kausha mpaka uzito uache kushuka, pima, tafuta wastani. Ukipata gramu 200 ujue hekta moja ina kilo 2,000, na za kuliwa ni 1,000. Ng'ombe wa kilo 250 anakula majani makavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na kidogo, kwa mwaka ni karibu tani 2.3. Basi kila ng'ombe anahitaji hekta 2.3, na mwenye hekta 50 ana nafasi ya ng'ombe 21 hivi, na huo ni mwaka wa mvua nzuri, mvua ikikata hesabu inaanza upya.

Lakini idadi peke yake inadanganya. Unaweza kuwa na mifugo michache na bado ukaharibu, angalia tu pale kwenye maji. Karibu na lambo au kisima ardhi ni vumbi tupu, ukisogea kilomita kadhaa unakuta nyasi zimezeeka hazijaguswa. Ng'ombe hataki kutembea bila sababu, mpe sababu: jiwe la chumvi usiliweke penye maji kama wengi wanavyofanya kwa kurahisisha kazi, lipeleke kule kusikoliwa.

Mifugo nayo hailingani mdomo. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, anazungusha ulimi anavuta, kwa hiyo anaacha kisiki kidogo, kondoo anakwangua mpaka chini kabisa, mbuzi anapenda vichaka na ukichanganya vizuri anakusaidia kuvipunguza. Moto ni hivyohivyo, ukiwa na mpango unazuia vichaka visitawale, ila ukichoma halafu ukaingiza ng'ombe wiki hiyohiyo kufuata majani mabichi umeua nyasi mara mbili.

Halafu kuna suala la watu, na mimi naona ndo gumu kuliko yote. Mwaka 1968 mwanaikolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho ya pamoja mwisho wake ni kuharibika kwa sababu kila mtu ataongeza mnyama wake, na wengi wakaamini dawa ni kugawa vipande na kuzungushia uzio. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, akaonyesha kuna jamii zinatunza mali ya pamoja miaka na miaka, mradi mipaka inajulikana, wenyewe wametunga sheria, kuna anayefuatilia na anayevunja anaadhibiwa. Mimi nimeona uzio mzuri na ndani hakuna nyasi. Bila makubaliano eneo ulilolipumzisha wewe ndo jirani analiona limenona.

Ukianza kupumzisha usihesabu siku kwenye kalenda, tazama mmea, mifugo irudi majani yakishajazia. Na kila mwaka, mwezi uleule, simama penye kigingi kilekile upige picha kwa simu. Iinamishe itazame chini.