Faili la ofisi likigoma kufunguka, angalia folda kwanza

Msimu wa korosho ukianza huku kwetu Mtwara simu yangu haitulii, maana ndo wakati kila ofisi inaingiza kilo za korosho za wakulima kwenye kompyuta toka asubuhi mpaka usiku, na wote wanalitaka lile faili moja la Access (programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali) kwa wakati mmoja. Malalamiko karibu yote yanafanana: fundi, kwangu linafunguka ila kwa wenzangu linakataa, linasema linatumika na mtu mwingine.

Kuna ofisi moja hapa mjini, kompyuta tano, faili linakaa kwenye mashine ya mhasibu na wengine wanalifuata kwa mtandao. Walishaita mafundi wawili kabla yangu, Windows imepigwa upya, waya zimebadilishwa, tatizo liko palepale, leo linafunguka kwa wote kesho limegoma. Nikamuuliza mhasibu, mama, siku likigoma nani anakuwa amelifungua wa kwanza? Akafikiri kidogo, akasema mwanangu, nikiwahi mimi hakuna shida, ila akiwahi yule karani mpya basi sote tunakaa nje mpaka alifunge. Hapo nikajua waya hazina kosa.

Iko hivi. Mtu wa kwanza akifungua faili la Access, lile ambalo jina lake linaishia na .accdb, Access inatengeneza pembeni yake kifaili kidogo chenye jina lilelile ila mwisho wake ni .laccdb (yale mafaili ya zamani ya .mdb, ya kabla ya Access 2007, kifaili chake ni .ldb). Hicho ndo daftari la wageni, kila anayeingia anaandikwa jina la kompyuta yake na jina la mtumiaji, nafasi ziko 255, na Access inakisoma kujua nani ameshika rekodi ipi. Wa mwisho akitoka kinafutwa. Sasa karani mpya alikuwa na ruhusa ya kusoma na kuandika kwenye faili lenyewe, lakini kwenye folda hakuwa na ruhusa ya kutengeneza faili jipya. Akifungua wa kwanza daftari halitengenezwi, na bila daftari Access haiwezi kugawana, inamwachia yeye peke yake na wengine wanakuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo ruhusa zinatakiwa ziwe kwenye FOLDA, na ziwe nne, kusoma, kuandika, kutengeneza na kufuta. Hiyo ya kufuta watu wengi wanainyima kwa kuogopa mtu atafuta kazi za ofisi, nawaelewa kabisa, ila bila hiyo kile kifaili kinabaki hata watu wote wakiwa wametoka. Kama unahofia kufutiwa, weka nakala kila jioni sehemu nyingine ambayo makarani hawaifikii, ndo kinga ya kweli.

Halafu kumbuka Windows ina milango miwili. Kuna ruhusa za kushea folda na kuna ruhusa za folda yenyewe pale kwenye Security, na mtu anayekuja kwa mtandao anapita yote miwili, ule unaobana zaidi ndo unaoamua. Mama mhasibu amekaa kwenye mashine yenye faili kwa hiyo mlango wa kushea haumhusu, ndo maana akiwahi yeye ni shwari na watu wanadhani wenzake hawajui kutumia. Jaribio langu ni jepesi sana, nakaa kwenye kompyuta ya yule anayelalamika, kwa jina lake yeye, naingia kwenye folda natengeneza faili tupu la maandishi kisha nalifuta. Likikataa hatua mojawapo nimeshapata ugonjwa.

Umeme ukikatika ghafla watu wakiwa ndani, kifaili cha .laccdb kinaweza kubaki. Usikifute kwa papara! Hakikisha kwanza wote wametoka, na kama Windows inakataa kukifuta ujue kuna mashine bado imelishika faili, nenda Computer Management kwenye mashine yenye faili, fungua Shared Folders halafu Open Files, utaona ni nani. Kabla hujabonyeza Compact and Repair (amri ya Access ya kubana na kukarabati faili) nakili faili lote pembeni, nimeshuhudia rekodi zikipotea kwenye ukarabati na hakuna nakala, na hizo zilikuwa kilo za wakulima.

Mengine kwa haraka. Likataze faili kukaa kwenye folda inayojisawazisha na OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Wanaotumia Wi-Fi warudi kwenye waya, mawimbi yakikatika katikati ya kuandika faili linaweza kuharibika. Na ligawe vipande viwili, majedwali yabaki kwenye mashine kuu, fomu na ripoti kila mtu awe na nakala yake, ukiunganisha vipande hivyo tumia jina la kompyuta na la folda, usitumie herufi ya diski kama Z maana mwingine kwake Z ni flashi.

Pale ofisini kazi yenyewe ilichukua kama dakika kumi, nikatengeneza kundi moja la watumiaji, nikaliwekea hizo ruhusa kwenye folda, karani mpya nikamwingiza humo. Kesho yake nikamwomba awahi yeye kufungua, mama akafuata, na wote wakaingia.