Husuni Kubwa ni jumba la sultani, si ngome ya Wareno

Husuni Kubwa ni magofu ya jumba la kisultani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 Kilwa Kisiwani, juu ya jabali linalotazama bahari, mashariki ya mji wa kale. Kinachoniudhi ni kusikia kila mara, hata kwa watu wanaotembeza wageni, kwamba eti ni "ngome ya Wareno".

Najua jina ndilo linaloponza. Husuni imetoka kwenye hisn ya Kiarabu, yaani boma au ngome, na ngome ikitajwa pwani hii watu humkumbuka Mreno. Lakini Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, na wakati huo jumba lilishahamwa zamani. Mwenye jumba ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alimkuta akitawala hapo mwaka 1331 na akamsifu. Na mwanaakiolojia Neville Chittick alipofukua magofu haya, lilipatikana jiwe la maandishi ya Kiarabu lenye jina la sultani huyo. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Hata bila jiwe hilo, jengo linajieleza. Limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na lina vyumba zaidi ya 100. Kuna birika la kuogea la pembe nane, lililochimbwa chini ya usawa wa sakafu. Kuna ua ambao upande wake mmoja una vidaraja vya kukalia, kimoja juu ya kingine, na upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa maghala. Dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ilipitia Kilwa, na bidhaa zilihitaji pa kuwekwa. Kwenye ncha ya jabali ngazi zinateremka hadi ufukweni. Hayo ni makazi ya mtu anayepokea wageni na mali. Husuni Ndogo, iliyo jirani, ndiyo yenye ukuta wa minara, na matumizi yake bado yanabishaniwa.

Ngome ya Wareno ipo, nayo ni Gereza, kule chini ufukweni, ingawa sehemu kubwa inayoonekana leo ni kazi ya Waomani walioijenga upya. Kwa hiyo, ndugu yangu unayetembeza wageni, hadithi ya 1505 isimulie ukiwa Gereza. Mkifika Husuni Kubwa, mtaje al-Hasan bin Sulaiman.