Mnyoo wa matopeni anamjuaje mgeni?

Gramu moja ya matope ya baharini huweza kubeba bakteria kwa mamia ya mamilioni. Mnyoo kama Arenicola marina huchimba humo makao yake na kuyameza matope hayo hayo ili apate riziki. Hana kingamwili. Hana seli zinazojifunza sura ya ugonjwa na kuikumbuka miaka mingi baadaye kama zetu. Lakini anaishi, na kidonda chake kinapona.

Siri iko kwenye kupapasa. Bakteria hubadili mengi, ila wengi wao hawawezi kuuvua ukuta wao. Wakiuvua, maji huingia na wanapasuka. Ukuta huo una peptidoglaikani, kitu ambacho mwili wa mnyama haukitengenezi kabisa. Fangasi nao hujengwa kwa beta-glukani, minyororo mirefu ya sukari. Mnyoo ana protini zinazonata kwenye vitu hivyo tu.

Tia chembe za hamira, ambayo ni fangasi, kwenye tone la majimaji ya mwili wa mnyoo, kisha chungulia kwa hadubini: seli za ulinzi hunyoosha vidole vyembamba, hugusa, halafu huzimeza chembe moja baada ya nyingine. Nimeliona hilo mara nyingi na bado huniacha nimeinama pale hadi shingo iniume.

Asili ya protini hizi ndiyo inayonivutia kuliko yote. Zile zinazoshika beta-glukani ni ndugu wa vimeng'enya, yaani protini za kazi, vinavyoikata. Zipange asidi amino zao, yaani vipande vinavyojenga protini, sambamba utauona undugu wazi, ila katika nyingi, pale palipotakiwa kuwa na glutamati, asidi amino za kukatia, pamekaa nyingine. Meno yameng'oka, mkono umebaki. Zile za peptidoglaikani zina kisa hicho hicho: ukoo wao ni wa vimeng'enya vinavyohitaji zinki, na asidi amino moja, sisteini, inayoishikilia zinki ikipotea, ukataji unakoma. Zilizopoteza hukamata na kutoa taarifa. Zilizobaki nayo bado hukata.

Kwenye maabara kuna mtego. Ili kupata protini ya kutosha, tunaipandikiza jeni yake kwenye bakteria E. coli, na ukuta wa nje wa E. coli umejaa lipopolisakaridi, molekuli ya mafuta na sukari ambayo nayo huamsha seli za ulinzi. Niliwahi kushangilia kwa wiki tatu jinsi seli za ulinzi zilivyoamka kwa protini yangu, kumbe zilikuwa zinaitikia masazo ya E. coli. Sasa kila sampuli huanzia kwenye kipimo kinachotokana na damu ya Limulus, mnyama wa baharini mwenye gamba la umbo la kwato, ambaye protini yake iitwayo Faktari C hunasa lipopolisakaridi kidogo mno. Damu hiyo hiyo ina Faktari G, inayoamshwa na beta-glukani. Kwa hiyo nikiwa nimetumia glukani kwenye jaribio, lazima niizuie Faktari G kwanza, la sivyo kipimo kitasema ndiyo kwa kitu nilichokitia mwenyewe.