Urojo kwanza, kahawa mwisho: kupanga jioni ya kula kwa miguu Mji Mkongwe

Kosa linaloharibu jioni nyingi za kula Mji Mkongwe wa Zanzibar ni kuanzia Forodhani, bustani ya ufukweni yenye wachoma vyakula. Mgeni anafika na njaa yake, anaona meza zimepangwa kamba, ngisi na jodari, anajaza sahani, na kabla ya saa 2 usiku ameshashiba. Ukimpeleka barazani anakunywa kahawa kwa adabu tu, na urojo, ule mchuzi mzito wa kichachu, hawezi hata kuuonja. Mimi napanga matembezi haya kwa kulifuata tumbo: kichachu kianze, cha moto wa makaa kifuate, kitamu kije karibu na mwisho, kahawa ifunge. Vinywaji ndivyo vinavyoigawa jioni, kwa sababu kinywaji kikitangulia mahali si pake huua hamu ya chakula kinachokuja nyuma yake.

Watu wasizidi wanane. Benchi la muuza urojo huchukua watu watano au sita wakibanana, na kichochoro kikiwa na wageni kumi na wawili, mwenye pikipiki hana pa kupita na mwenye nyumba hana pa kutokea. Wakiwa wengi zaidi, wagawe makundi mawili yaachane kwa robo saa. Viatu viwe vya kushika chini, maana mawe ya vichochoroni yakilowa yanateleza. Mabega na magoti yafunikwe. Chukueni noti ndogo, za elfu moja na elfu mbili; mtu aliyeanza kuuza sasa hivi hana chenji ya elfu kumi, na kumsimamisha atafute chenji wakati bajia zinaungua ni kumwonea.

Naanzia upande wa Darajani saa 11 kasorobo jioni, baada ya sala ya Alasiri, na kituo cha kwanza ni urojo. Vuga nako kuna wauzaji wazuri, lakini ukianzia Darajani njia yote inakupeleka taratibu hadi baharini.

Urojo nitaueleza kwa kirefu, kwa kuwa ndicho chakula ambacho mgeni hukila bila kujua anakula nini. Mchuzi wake ni maji, unga wa ngano kidogo wa kuufanya mzito, manjano ya rangi, chumvi, na uchachu wa embe mbichi, ukwaju au ndimu. Unga hukorogwa kwanza na maji baridi hadi uwe kama uji mwepesi usio na madonge, ndipo humiminwa kwenye maji yanayochemka huku mwiko ukizunguka. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto, kila punje hujifunga gamba nje na kubaki mbichi ndani, na madonge hayo hata ukichemsha saa nzima hayayeyuki. Embe mbichi huchemshwa na kupondwa ndani ya mchuzi. Ndimu inatiwa baada ya sufuria kuepuliwa. Ikichemka sana huacha uchungu unaokaa nyuma ya ulimi.

Ndani ya bakuli huingia viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, nusu yai, nyama ya mshikaki iliyovuliwa kijitini, chatini ya nazi, pilipili, na juu kabisa muhogo uliokatwa mwembamba na kukaangwa hadi ukavunjika. Muhogo huo ndio kipimo changu cha muuzaji. Ukitiwa mwisho na ukaliwa mara moja, unapata laini, ukavu na uchachu katika kijiko kimoja. Muuzaji anayepakua mabakuli sita kwa pamoja, halafu yakasubiri wageni wamalize kupiga picha, anawapa uji. Waombe wapakue mawili mawili. Na angalia sufuria: iwe juu ya jiko, na mvuke unatoka. Mchuzi wenye unga uliokaa vuguvugu tangu mchana ni mahali ambapo vijidudu hustawi, na uchachu peke yake hautoshi kuvizuia.

Kipimo ni bakuli moja kwa watu wawili. Msidharau hili. Bakuli zima lina viazi, unga, dengu na muhogo, yaani shibe juu ya shibe. Pilipili iwekwe pembeni. Wala msinywe chochote pamoja na urojo zaidi ya maji ya chupa. Wenyewe ni kinywaji nusu.

Swali la nani hawezi kula huulizwa hapa, kabla ya kijiko cha kwanza. Asiyekula ngano asidanganywe kwamba urojo ni mchuzi wa embe tu. Asiyekula nyama anaweza kuagiza bila mshikaki, lakini mwambie wazi kwamba mafuta ya bajia mara nyingi ndiyo hayo hayo yaliyokaangia katlesi za nyama. Mwenye mzio wa karanga ajue kwamba kashata ziko mbele yake, na mwenye mzio wa kamba ajue kwamba Forodhani wavu mmoja huchoma kila kitu. Haya yakisemwa mapema, mtu anapanga. Yakisemwa saa 2 usiku, mnatafuta gari la hospitali.

Kutoka Darajani tunaingia Mkunazini na kufuata vichochoro kuelekea bahari. Mji ni tambarare, hakuna kilima cha kupanda, na mwendo wote wa jioni hauzidi kilomita mbili. Kinachochosha ni joto lililonaswa kati ya kuta, kwa hiyo nusu ya njia iwe ya kutembea kimya na kuchakata urojo.

Njiani, mkipata anayepika mkate wa ufuta, simameni mtazame hata kama hamnunui. Unga wa ngano uliokandwa laini kwa tui, yai na hamira, ulaini wa kutaka kumwagika, hutandazwa kwa mkono uliolowa maji kwenye chuma cha moto. Chini ukishashika, mpishi anakipindua chuma kizima juu ya makaa, mkate ukining'inia kichwa chini, na uso wenye ufuta huiva kwa moto wa moja kwa moja. Siri ni kwamba chuma hakipakwi mafuta. Kikipakwa, mkate unaachia na kuangukia jivuni. Mkate mmoja unatosha watu wanne. Ufungeni kwenye karatasi mwende nao, mtauhitaji kwenye mishikaki.

Jua la Unguja huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kwa mwaka mzima, kwa hiyo ratiba haiyumbi sana. Lengo ni kufika Forodhani kama dakika ishirini kabla, wakati vijana wanapiga makachu, yaani kujirusha baharini kutoka ukutani, na watu wamejaa kuwatazama. Wakati huu hatuli. Makaa ndiyo kwanza yamewashwa, yana moshi na ndimi za moto, na kinachochomwa sasa hivi huungua nje na kubaki kibichi ndani. Huu ni wakati wa dafu.

Dafu nalo lina kuagizwa. Kitale, lililo changa mno, hakina nyama na maji yake ni mepesi, hayana utamu wa maana. Koroma, linaloanza kukomaa kuwa nazi, lina nyama ngumu na maji yameanza kupoteza utamu. Unalolitaka ni dafu lenye nyama ya kukombwa kwa kipande cha ganda: mwambie muuzaji "la kukomba", naye atalipiga kwa vidole na kulisikiliza kabla ya panga. Linywewe kwenye ganda lake papo hapo. Maji ya dafu yaliyokwisha kumiminwa kwenye jagi huchacha upesi kwenye joto letu. Utamu wake mdogo hauuzimi mdomo, ndiyo maana nimeliweka hapa na si juisi ya miwa.

Adhana ya Magharibi ikitoka, wauzaji wengi huenda kusali. Tulieni. Wakirudi, makaa yamevaa jivu jeupe, na huo ndio moto wa kuchomea. Bustani yenyewe ilikarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, na meza zikapangwa vizuri zaidi, lakini kuchagua meza bado ni kazi ya macho na pua.

Kanuni yangu ni moja: nunua kilicho kibichi, kichomwe mbele yako. Mishikaki mingi ya samaki imeshachomwa nusu mchana ili imalizwe haraka usiku, na hiyo ndiyo inayoleta matatizo, kwa sababu imepoa na kukaa joto la mkono kwa saa kadhaa. Samaki wa jamii ya jodari, nguru na vibua wana hatari ya pekee. Wasipowekwa kwenye barafu tangu kuvuliwa, mwilini mwao hujengeka kemikali iitwayo histamini, na moto hauiondoi hata uchome mpaka uwe mkaa. Dalili zake huja ndani ya saa moja au kabla: uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, na mdomoni ladha ya pilipili ambayo haikutiwa. Watu husema "samaki wa Zanzibar wananidhuru" na kumbe kilichodhuru ni mchana mmoja bila barafu. Nyama ya jodari iwe nyekundu na imeshikana. Ikiwa ya kahawia na imeachana nyuzi, pita.

Pweza ni salama zaidi kwa anayejua kumtazama. Huchemshwa kwanza, kwa kawaida kwa maji yake mwenyewe, hadi alainike, kisha hupitishwa kwenye makaa kwa muda mfupi tu ili apate harufu ya moshi. Akikaa motoni muda mrefu hukauka na kurudi kuwa mpira. Umnuse kabla: harufu ya bahari ni sawa, harufu kali inayopanda puani kama ya mkojo ina maana ameshaharibika. Kwa asiyetaka kutafuna, kikombe cha supu ya pweza kwa watu wawili.

Bei iulizwe kabla kidole hakijagusa mshikaki, na iulizwe kwa kila kimoja, si kwa sahani. Ugomvi karibu wote wa Forodhani huanzia kwenye sahani iliyojazwa kwanza na kuhesabiwa baadaye. Kipimo cha mtu mmoja ni mishikaki miwili ya nyama au samaki, mkono mmoja wa pweza na robo ya mkate wa ufuta. Juu yake kamua ndimu.

Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar haina undugu na pizza ya Italia. Ni mkate wa kukunja wenye nyama na yai ndani. Donge la unga lililolazwa kwenye mafuta huvutwa hadi uone mkono upande wa pili, kipande kidogo huongezwa katikati ili lisitoboke, zinaingia nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili hoho, yai na jibini, halafu hukunjwa kama bahasha na kukaangwa. Kinachoharibika ni moto mkali: nje inapata rangi katika dakika moja na yai bado linatiririka. Mwambie apunguze moto na aigeuze mara mbili. Moja kwa watu wanne inatosha.

Juisi ya miwa ndiyo inakuja sasa, nusu glasi kwa mtu, iliyopitishwa mashineni pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi. Ndimu si mapambo. Hupunguza utamu na huchelewesha juisi kuwa nyeusi. Inywewe ndani ya dakika chache, na ikamuliwe mbele yenu. Barafu ikatae usipojua maji yake yametoka wapi, na usione haya kukataa.

Wakati wa masika, mvua ikishika, wachomaji wengi hufunga mapema; sogeza mlo wa makaa uwe saa 1 kamili na uwe na mahali pa kujikinga. Ramadhani hakuna kula wala kunywa hadharani mchana, maji pia. Anza baada ya Magharibi. Mji hubaki macho hadi usiku wa manane, na vyakula ni vingi kuliko mwezi wowote. Pombe haina nafasi katika matembezi haya. Tunakula mbele ya nyumba za watu na milango ya misikiti, na vinywaji vya mji huu vinatosha.

Baada ya Isha turudi ndani, mwendo wa dakika kumi hivi hadi Jaws Corner, ambako barazani watu wanacheza bao na dhumna na mabishano ya siasa hayalali. Kiongozi atoe salamu kwanza, aulize kama pana nafasi, ndipo wageni wakae. Wengi wa wakaaji ni wanaume, lakini mwanamke mgeni akisalimia vizuri hupishwa. Kamera ibaki mfukoni hadi mtu aombwe akubali.

Kahawa hii haina sukari wala maziwa. Buni hukaangwa hadi iwe nyeusi, hutwangwa, na kuchemshwa na tangawizi kwenye dele, birika la kahawa, linalokaa juu ya makaa usiku kucha. Kwa anayetaka kuijaribu nyumbani: vijiko vitatu vikubwa vya buni iliyotwangwa kwa lita moja ya maji, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi na tano, iache itulie dakika tano bila kuitikisa ili machicha yashuke, kisha mimina taratibu. Ukikoroga baada ya kuepua, utakunywa matope.

Kitamu hutangulia kikombe: kipande cha halua au kashata moja kikae mdomoni, ndipo ufyonze kahawa juu yake. Wageni wengi hutia sukari kwa sababu hawakupewa halua. Vikombe viwili vidogo ni kadiri, vitatu kwa mwenye kuzoea. Lipa vikombe vyote kwa pamoja mnapoinuka, na kila mmoja akirudishe chake mkononi mwa muuzaji, maana anavyo vichache na kuna watu wamesimama wanavisubiri.