Raia wa dunia: uraia usio na pasipoti

Neno "raia" tulilipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kuchunga. Raia ni mtu aliye chini ya uangalizi wa mwingine: ana mtawala anayemtii, na mtawala huyo naye anawajibika kwake. Kwa hiyo ukisikia mtu akijiita "raia wa dunia", una haki ya kumuuliza mchungaji wake ni nani. Dunia haina serikali. Haina idara ya uhamiaji wala haitoi kitambulisho.

Kuna aliyeamua kulijaribu jambo hilo kwa vitendo. Mei 1948 Garry Davis, Mmarekani aliyewahi kurusha ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili, aliingia ubalozi wa nchi yake mjini Paris, akaukana uraia wake na kujitangaza raia wa dunia. Novemba mwaka huohuo alikatiza kikao cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kilichokuwa kikifanyika mjini humo, akidai serikali moja ya ulimwengu. Walinzi wakamtoa nje. Baadaye alianzisha ofisi ya kutoa "pasipoti za dunia". Wapo waliofaulu kuvuka nazo mpaka mmoja mmoja, lakini yeye mwenyewe aliwekwa mahabusu mara nyingi katika nchi mbalimbali kwa kukosa hati zinazotambulika.

Basi tuanze kwa kuondoa yasiyohusika. Mwenye pasipoti tatu si raia wa dunia, ni raia wa nchi tatu. Anayesafiri sana na kuongea lugha nyingi naye ni msafiri tu. Uraia wa dunia si hadhi ya kisheria. Ni msimamo kwamba ubinadamu peke yake unatosha kumpa mtu madai juu ya wengine, na wajibu kwao, hata kama hawatawaliwi na serikali moja. Diogenes, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anasimuliwa kwamba alipoulizwa ametoka mji gani alijibu kuwa yeye ni raia wa ulimwengu. Wakati huo mji ndio uliokuwa nchi ya mtu, kwa hiyo jibu hilo lilikuwa na kiburi kidogo ndani yake. Mwaka 1795 Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, aliliwekea wazo hilo mipaka: haki ya mtu duniani kote, alisema, ni kutotendewa kama adui anapofika katika ardhi ya wengine. Ni haki ndogo sana, ila hadi leo kuna mipaka mingi ambako haipatikani.

Kilichoipa dhana hii mwili ni haki za binadamu. Wiki chache baada ya Davis kutolewa ukumbini, tarehe 10 Desemba 1948, Baraza Kuu lilelile lilipitisha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 8 hazikuegemea upande wowote. Katika maandalizi yake, Hansa Mehta wa India alisimama kidete ili ibara ya kwanza kwa Kiingereza isiseme "wanaume wote" (all men) kwa maana ya watu wote, kwa kuwa zipo serikali ambazo zingeisoma neno kwa neno. Kiswahili hakina taabu hiyo. Ibara yenyewe kwa lugha yetu inasema: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa."

Ukizipitia ibara zake 30, neno linalojirudia ni "kila mtu". Si kila raia. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966 nao unaidai serikali iheshimu haki za watu wote walio katika ardhi yake na chini ya mamlaka yake, awe mwenyeji, mgeni au mkimbizi. Haki ya kupiga kura na kugombea uongozi ndiyo waliyobakiziwa raia peke yao. Kutoteswa, kutofungwa bila sababu, kusikilizwa na mahakama: hayo humhusu hata aliyeingia nchini jana usiku bila karatasi. Kwa macho yangu, huu ndio uraia wa dunia kwa kiasi kilichowahi kuandikwa katika sheria.

Tatizo ni kwamba mlinzi wa haki hizo ni serikali, na mara nyingi mvunjaji wake ni serikali hiyohiyo. Anayelijua hili kuliko sote ni mtu asiye na utaifa wowote. Kinadharia yeye ndiye raia wa dunia kamili, maana hana nchi nyingine ya kujiita yake. Sasa mtazame kwa karibu. Mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hapati kitambulisho. Bila kitambulisho hafungui akaunti, hasajili ndoa, hasajili hata mtoto wake, na mtoto anarithi pengo lilelile. Akikamatwa na kuamriwa afukuzwe nchini, hakuna nchi inayokubali kumpokea, basi anakaa kizuizini akisubiri safari isiyokuwepo. Hannah Arendt, aliyeishi miaka mingi bila uraia baada ya kuikimbia Ujerumani ya Hitler, aliandika kwamba kabla ya haki nyingine zote mtu anahitaji haki ya kuwa na haki. Ibara ya 15 ya Azimio inasema kila mtu ana haki ya kuwa na utaifa. Haisemi ni nchi gani inayopaswa kumpa.

Hapo, serikali inaposhindwa kuwa mlinzi au inapokuwa ndiyo mvunjaji, ndipo wanapoingia watu wa nje, na hapo uraia wa dunia unaacha kuwa maneno matamu. Hissène Habré aliitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, na polisi wake wa siri waliwatesa na kuwaua watu kwa maelfu. Alipopinduliwa alikimbilia Senegal, akaishi Dakar kwa utulivu. Walionusurika hawakunyamaza. Walikusanya ushuhuda wa wafungwa wenzao, wakabisha hodi katika mahakama za Senegal, kisha za Ubelgiji, kwa kuwa sheria ya Ubelgiji wakati huo iliruhusu kushtaki makosa ya aina hiyo popote yalipotendeka. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, iliamua kwamba Senegal, iliyouridhia mkataba dhidi ya utesaji, ilipaswa kumshtaki au kumkabidhi kwa watakaomshtaki. Mahakama maalumu iliyoundwa Dakar kwa makubaliano na Umoja wa Afrika ilimhukumu kifungo cha maisha Mei 2016. Ilichukua zaidi ya robo karne tangu aanguke, na baadhi ya mashahidi walishafariki. Lakini tazama walioshughulika: wahanga wa Chad, mawakili wa nchi kadhaa, jaji wa Ubelgiji, majaji wa Kiafrika wakiketi Senegal. Habré hakuwa mtawala wa wengi wao.

Kwa mtu wa kawaida mlango upo pia, ingawa ni mwembamba. Mkataba ule wa 1966 una itifaki ya hiari, yaani makubaliano ya nyongeza ambayo nchi huchagua kujiunga nayo, inayomruhusu mtu binafsi kuishtaki serikali mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Fomu haimuulizi kama ni raia wa nchi anayoishtaki kwa lengo la kumkatalia. Asiye na utaifa naye anaweza kuandika. Ila sharti awe ameshamaliza ngazi za mahakama za nchini, na sharti nchi yenyewe iwe imeridhia itifaki hiyo. Isiporidhia, barua yake haipokelewi.