AN-6: ile sita si milimita, na AN si flea yoyote

Mara nyingi mno nimesikia mtu akisema kwa fahari "nimeweka AN" kwenye mabomba ya kupooza oili ya giaboksi, kumbe alichofunga ni fitingi (kiungio cha bomba) ya shaba yenye flea, yaani mdomo uliopanuliwa, ya nyuzi 45. Mwingine anaagiza AN-6 akidhani anapata bomba la milimita 6. Gari la zamani lenye giaboksi otomatiki halivumilii makosa hayo. Oili ikivuja polepole ukiwa barabarani, giaboksi inaungua.

AN ni kiwango cha fitingi zinazoziba kwa koni ya nyuzi 37. Mdomo wa bomba unapanuliwa, unakaa juu ya koni, nati inaubana. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Herufi hizo zimetokana na Army na Navy, yaani jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani. Zama za Vita Kuu ya Pili ya Dunia majeshi hayo yalikuwa na viwango vya pamoja vya vifaa vya ndege, ili nati ya kiwanda kimoja iingie kwenye bomba la kiwanda kingine bila ubishi. Baadaye mitambo ya haidroli ilichukua pembe hiyohiyo kwa jina la JIC. Namba inayofuata herufi ni kipenyo cha nje cha bomba la chuma, kikihesabiwa kwa sehemu za 16 za inchi. Kwa hiyo AN-6 ni 6/16, yaani inchi 3/8, karibu milimita 9.5. Namba hiyo haisemi ukubwa wa tundu la bomba la mpira wala wa hesi, yaani meno ya kufungia nati. Hesi ya AN-6 ni ya inchi 9/16.

Linaloniudhi hasa ni pembe. Flea ya nyuzi 45 ndiyo ya kawaida kwenye mabomba ya magari, na tofauti ya nyuzi 8 huioni kwa macho ya haraka. Kwenye bomba la 3/8 utanusurika, maana hesi zinakataana: 9/16 kwa AN, 5/8 kwa flea ya nyuzi 45. Lakini kwenye bomba la 5/16, ambalo magari mengi ya zamani yanalo, hesi zote mbili ni nusu inchi yenye meno 20 kwa inchi. Nati inaingia kwa vidole, laini kabisa, na mtu anaamini imekubali.

Na mimi niliamini hivyo. Nikakaza, ikatoa tone. Nikaongeza nguvu, tone likarudi. Nilipofungua nikaona mstari mmoja mwembamba unaong'aa ukizunguka koo la bomba. Koni iligusa hapo tu. Fitingi iliyopatana huacha mkanda mpana, wenye rangi moja duara zima.

Hapo ndipo watu wanapokimbilia tepu ya kuzungushia hesi. Haisaidii, kwa sababu hesi ya AN kazi yake ni kubana, haizibi. Kinachoziba ni chuma juu ya chuma pale kwenye koni. Tepu au gundi ya hesi ina mahali pake kwenye hesi ya mchongoko, ile NPT inayoingia kwenye rejeta nyingi za zamani. Adapta moja inaweza kuwa na NPT upande huu na AN upande ule, na kila upande una sharti lake.

Kwa hiyo ukitaka AN kwenye bomba lako la asili, kubadilisha nati peke yake hakutoshi. Kata mdomo wa zamani, vesha nati ya AN na ile pete yake inayoshika bomba nyuma ya flea, kisha panua mdomo kwa kifaa cha nyuzi 37. Na dukani, badala ya "flea ya 5/16", sema "AN-5, nyuzi 37".