Seli inapokuta DNA mahali pasipo pake

Karibu kila seli ya binadamu yenye kiini imebeba DNA ya urefu wa takriban mita 2, iliyokunjwa na kufungwa ndani ya kiini hicho. Kiasi kidogo kingine kimo ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati. Nje ya hapo, kwenye ute wa seli uitwao saitoplazimu, DNA haitakiwi kuonekana. Ikionekana, ama kirusi kimeingia, ama bakteria amepenya, ama kiini kimepasuka, ama mitokondria imevuja. Seli haisubiri kujua ni lipi kati ya hayo. Inaanza kujihami papo hapo.

Uwezo huu ni sehemu ya kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo, isiyohitaji chanjo wala kuugua kwanza. Ikilala, saratani na virusi hupata mwanya. Ikikesha, mwili hujishambulia wenyewe. Kwa sababu hiyo hatupendi kusikia mgonjwa anaambiwa tu "ongeza kinga", kana kwamba kinga ni kitu kimoja kinachopimwa kwa wingi. Swali la maana ni kinga ipi, mahali gani mwilini, na kwa muda gani.

Safari ya ishara

Protini kuu inayoigundua DNA iliyopotea njia inaitwa cGAS. Ilitangazwa mwishoni mwa 2012 na maabara ya Zhijian Chen katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Texas Southwestern, Dallas, na kwa kazi hiyo Chen alipewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba, mwaka 2024. cGAS haisomi herufi za DNA. Inashika uti wa sukari na fosfati, ambao ni uleule kwa kirusi, kwa bakteria na kwa mwenye mwili, kwa hiyo yenyewe haijui hii ni ya adui na hii ni ya nyumbani. Kinachoamua ni mahali DNA ilipo, wingi wake na urefu wake. Vipande vifupi vya jozi 20 hivi za besi, yaani herufi za DNA, haviiamshi sana cGAS ya binadamu. Vinavyozidi jozi 45 ndivyo vinavyoiamsha barabara.

Ikishaamka, cGAS inachukua molekuli moja ya ATP na moja ya GTP, ambazo zimo tayari ndani ya seli, na kuziunganisha ziwe duara dogo liitwalo cGAMP. Duara hilo linaelea hadi kwenye STING, protini iliyopachikwa kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa vijitando ndani ya seli), ambayo Hiroki Ishikawa na Glen Barber wa Chuo Kikuu cha Miami waliieleza mwaka 2008. STING ikilipokea inabadilika umbo, inahamia Golgi, kituo cha seli cha kufungasha na kusafirisha protini, na huko inakiita kimeng'enya TBK1. TBK1 kinaipachika fosfati protini nyingine, IRF3, ambayo sasa inaweza kuingia kwenye kiini na kuwasha jeni za interferoni. Tawi la pili la njia hiyohiyo, liitwalo NF-kB, linazalisha saitokini, protini za ujumbe wa kinga, kama TNF na IL-6, zinazoleta homa na mchochota: joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Interferoni hutoka nje ya seli na kuwaonya majirani. cGAMP nayo huvuka kwenda seli za jirani, hata zile ambazo hazijawahi kukutana na DNA yoyote ngeni.

Kuna vigunduzi vingine. TLR9 hukaa ndani ya endosomu, vifuko vinavyobeba vitu vilivyomezwa na seli, katika baadhi ya seli za kinga na hupendelea DNA yenye alama za bakteria na virusi. AIM2 ikishika DNA huwasha kimeng'enya kaspesi-1, ambacho hukamilisha saitokini ya IL-1β na kusababisha utando wa seli kutobolewa mpaka seli ipasuke. Lakini katika magonjwa tunayoyaeleza hapa, mhusika mkubwa ni cGAS pamoja na STING.

Kwa kuwa cGAS haibagui, usalama wetu unategemea mambo mengine. Kimeng'enya TREX1 hukatakata DNA iliyozagaa kwenye saitoplazimu; DNASE2 hufanya kazi hiyo ndani ya laisosomu, vifuko vya seli vya kuvunjia taka; DNASE1 na DNASE1L3 huifanya kwenye damu na nje ya seli. Mwaka 2020 ilibainika pia kwamba cGAS iliyomo ndani ya kiini hubanwa juu ya protini za histoni zinazozungushiwa DNA, isiweze kufanya kazi. Mwisho, STING ikishatoa ishara hupelekwa kwenye laisosomu ikavunjwe. Kila kizuizi kati ya hivi kikiharibika, upo ugonjwa unaojulikana unaotokea.

Usafi unaposhindikana

Mwaka 1984 madaktari wa Ufaransa Jean Aicardi na Françoise Goutières walieleza ugonjwa wa watoto wachanga unaobeba majina yao. Mtoto hulia kupita kiasi, hupata homa zisizo na maambukizi, hurudi nyuma kimakuzi, na picha ya ubongo huonyesha chembe za kalsiamu. Vidole vya miguu na mikono huweza kuwa na vidonda vinavyofanana na vya baridi. Mwaka 2006 jeni ya TREX1 iligundulika kuwa mojawapo ya chanzo: mfagiaji hayupo, DNA ya mtoto mwenyewe inalundikana, na interferoni haizimiki. Daktari huweza kwa urahisi kudhani mama aliambukizwa akiwa mjamzito, kwa sababu dalili zinalingana sana. Vipimo vya maambukizi vikitoka safi, na hasa kama familia ilishawahi kupata mtoto wa namna hiyo, uchunguzi wa jeni unastahili kuombwa.

Ugonjwa mwingine, SAVI, ulielezwa mwaka 2014. Hapa DNA haina kosa. STING yenyewe ina badiliko la jeni linaloifanya iwake bila kungoja cGAMP. Watoto hupata vidonda kwenye vidole, masikio na ncha ya pua, na mapafu huharibika taratibu. Dawa zinazozuia vimeng'enya vya JAK, kama ruxolitinibu na baricitinibu, hukata ishara ya interferoni upande wa chini na husaidia baadhi ya wagonjwa. Hata hivyo zinafungua mlango kwa maambukizi. Katika nchi zetu, kifua kikuu kichunguzwe kabla ya kidonge cha kwanza, hata kama mgonjwa hakohoi.

Magonjwa hayo mawili ni adimu. Lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, si adimu hivyo, na huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wagonjwa wengi wa lupasi wana interferoni nyingi kwenye damu na kingamwili dhidi ya DNA yao wenyewe. Mtu aliyezaliwa na DNASE1L3 isiyofanya kazi huweza kuanza lupasi akiwa mtoto. Jua nalo lina nafasi yake: mionzi yake huua seli za ngozi na kuoksidisha DNA, na TREX1 hushindwa kuikata vizuri DNA iliyooksidishwa. Kwa hiyo daktari anapomwambia mgonjwa wa lupasi avae mikono mirefu na kofia pana na apake losheni ya kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, anapunguza mafuta kwenye moto kutoka kwenye chanzo chake.

Vipele vya lupasi vya mashavuni vitabuni huchorwa vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huwa vya zambarau au kahawia iliyokoza, na vikipona huacha mabaka. Wengi huanza na krimu za kuchubua au za steroidi walizonunua bila cheti, na ugonjwa unaendelea kwenye figo kimyakimya. Vipele vya usoni vikiambatana na maumivu ya viungo, uchovu usioisha, kunyonyoka nywele au mkojo wenye povu, omba kipimo cha protini kwenye mkojo siku hiyohiyo. Ni cha bei nafuu na kinaweza kuokoa figo.

Dawa ya msingi ya lupasi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ya malaria ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa kuwasha ngozi. Inajikusanya ndani ya endosomu na kuzuia TLR9 na mwenzake TLR7 visishike DNA na RNA. Dozi haipaswi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 basi asizidi miligramu 300, na kwa kuwa vidonge vingi ni vya 200, daktari huweza kuagiza kimoja leo na viwili kesho. Kuna makosa mawili tunayoyaona sana. La kwanza ni kuiacha baada ya wiki chache kwa kuwa "haifanyi kazi", ilhali huhitaji miezi 2 hadi 3, pengine zaidi. La pili ni kuimeza miaka kadhaa bila kupimwa macho. Retina ipimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, na mapema zaidi kwa mwenye ugonjwa wa figo. Ujauzito kwa kawaida si sababu ya kuiacha. Kuiacha ghafla huweza kuamsha ugonjwa wakati mbaya kuliko wote. Tangu 2021 ipo pia anifrolumabu, sindano ya mshipa ya miligramu 300 kila baada ya wiki 4, inayoziba kipokezi cha interferoni. Bei yake bado iko mbali na wagonjwa wetu wengi.

Upande wa saratani

Seli ya saratani hugawanyika ovyo. Kromosomu hubaki nyuma na kufungwa kwenye viini vidogo vyenye kuta dhaifu, na kuta hizo zikipasuka cGAS huingia. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2017. Mambo yakienda sawa, cGAMP inazifikia seli za dendriti, seli za kinga zinazowaonyesha wenzao adui, nazo zinazifundisha seli T, askari wa kinga, kuutambua uvimbe. Ndiyo sababu moja ya tiba ya mionzi kuamsha kinga: mionzi inavunja DNA na kuzalisha viini hivyo vidogo.

Ila kipimo kikubwa zaidi hakileti matokeo makubwa zaidi. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa 2017, mionzi ya grei 8 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) iliyorudiwa mara 3 ilishirikiana vizuri na dawa zinazoisaidia kinga kupambana na uvimbe, wakati pigo moja la grei 20 halikufanya hivyo. Kuanzia takriban grei 12 hadi 18 kwa mpigo, kutegemea aina ya seli, uvimbe huongeza TREX1, na TREX1 hufagia ushahidi wote. Ratiba za mionzi kwa wagonjwa hupangwa kwa kuangalia mengi zaidi ya hilo, kwa hiyo asiwepo wa kudai abadilishiwe kwa ajili ya panya. Lakini anayeuliza kwa nini asipewe dozi yote siku moja, sehemu ya jibu ndiyo hiyo.

Uvimbe nao hujifunza. Baadhi huzima jeni ya cGAS au STING kabisa. Baadhi huweka kimeng'enya ENPP1 juu ya utando ili kukata cGAMP kabla haijawafikia majirani. Uvimbe mwingine hufanya jambo baya zaidi: huzoea ishara isiyoisha, huzima tawi la interferoni na kubaki na la NF-kB, ambalo huusaidia kusambaa kwenda viungo vingine. Utafiti wa 2018 ulionyesha hilo wazi. Ishara ileile iliyo dawa ikiwa ya muda mfupi, ikidumu huwa chakula cha saratani.

Virusi vinavyosababisha saratani huku kwetu vimeijua njia hii zamani. HPV ni kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na protini E7 ya aina yake ya 18 huishika STING na kuizuia. Kirusi cha saratani ya Kaposi kina protini kadhaa za kazi hiyohiyo, mojawapo ikiizuia STING na nyingine cGAS. Ukizingatia hilo, utaelewa kwa nini maambukizi ya HPV hayaleti homa wala maumivu, na mwanamke hukaa nayo miaka bila kujua. Hakuna dalili ya kungojea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha DNA ya HPV kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Pasipo na mashine ya kipimo hicho, kipimo cha siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa siki na kuangaliwa, kinafaa. Chanjo ya HPV huzalisha kingamwili zinazokinasa kirusi kabla hakijaingia kwenye seli, ndiyo maana hutolewa mapema. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kuhusu dawa za kuamsha STING, tahadhari ni muhimu, kwa sababu habari zake huja kwa kishindo. DMXAA iliponya uvimbe kwenye panya, ikafika majaribio makubwa ya saratani ya mapafu, ikashindwa mwaka 2010. Miaka michache baadaye sababu ikajulikana: inashika STING ya panya na haiishiki ya binadamu. Zilizofuata, zinazochomwa moja kwa moja ndani ya uvimbe, ziliwasaidia wagonjwa wachache tu. Huvunjwa haraka, haziufikii uvimbe uliosambaa, na zikizidi huua seli T zilezile zinazohitajika. Anayeuza leo kidonge au unga wa "kuamsha STING" anauza kitu ambacho majaribio ya kitabibu hayajakipata.

Mwenye lupasi, au aliyepandikizwa figo, aende kliniki na kila chupa ya virutubisho anayotumia, pamoja na vidonge vya alfalfa, ambavyo vimeripotiwa kuamsha lupasi, na mitishamba. Aliye kwenye kemo au mionzi afanye vivyo hivyo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mgonjwa wa kemo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, bila kumeza kwanza dawa ya kuishusha na kusubiri asubuhi.